Waliposema Nimehama

Ndugu zangu wa kikundi, nimesimama. Mwenyekiti wetu ameniomba niseme kwa ufupi, na niseme maneno ya kujenga, kwa sababu leo tuna wageni. Mimi nitasema yaliyonipata. Kama yanajenga au yanabomoa, mtajua wenyewe mkishafika nyumbani. Sitataja jina la mtu, hata la yule aliyekaa karibu na mlango ambaye ameshaanza kuangalia saa. Nitataja jina moja tu, la binti yangu Kemilembe, maana kuna wakati mlikaa kimya kana kwamba hajawahi kuzaliwa.

Wengi mnanijua. Kwa wageni, mimi ni mjane wa hapa hapa Ijumbi. Mume wangu alifariki Kemilembe akiwa bado ananyonya. Aliniachia kibanja cha migomba na kahawa, si kikubwa, na mtoto ambaye shingo yake ilikuwa haijakaza. Kemilembe hakutembea. Kifafa kilimwanza kabla meno hayajamtoka yote. Sasa ni msichana mkubwa, amenizidi urefu, na bado namlisha kwa kijiko, namwogesha, nambeba mgongoni. Anayo maneno machache ambayo mimi nayaelewa. Mvua ikipiga juu ya bati anacheka mpaka anakosa pumzi.

Ule mpango wa ruzuku kwa kaya maskini ulipofika kijijini, tuliandikwa. Fedha ile haikunitajirisha, na kama kuna aliyefikiri imenitajirisha angekuja kuangalia sufuria yangu. Ilikuwa ya vidonge vya Kemilembe na nauli ya kuvifuata. Akimeza kila siku, kifafa kinakaa mbali. Akikosa, kinarudi na hasira ya siku zote kilizofungiwa nje. Kwa hiyo nyinyi mkisikia ruzuku mnasikia pesa. Mimi nasikia vidonge.

Ilikuwa msimu wa senene. Nilikuwa kibanjani nakata majani ya kufunikia ndizi. Nilimwacha Kemilembe kwenye mkeka jikoni, mbali na mafiga, kama siku zote. Kifafa kikamtupa. Aliyesikia kelele kwanza hakuwa mimi, alikuwa mke wa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tumepakana nao ua. Nilipofika nikamkuta ameshamvuta kutoka kwenye makaa, amemwagia maji, na yeye mwenyewe viganja vimeungua. Mguu wa Kemilembe siwezi kuwaeleza ulivyokuwa, hasa kwa vile chakula kinakuja.

Yule mwanamke alinisaidia kumfikisha barabarani, akatukalisha kwenye pikipiki, Kemilembe katikati, yeye akarudi kufunga nyumba yangu. Nikamwambia akae na ufunguo. Nilitoka na kanga niliyovaa na kadi ya kliniki. Kumbukeni hilo mnapofikiria mtu anayehama.

Hospitali ya wilaya yetu, Muleba, walitupeleka Bukoba kwa gari la wagonjwa. Tulilazwa muda mrefu. Walipoturuhusu kutoka wodini walisema kidonda kinatakiwa kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, na mimi sikuwa na jinsi ya kwenda na kurudi Ijumbi na mtoto wa mgongoni mwenye mguu wa namna ile. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa mjukuu wa bibi mmoja wa Kashai, pale pale mjini, Mwislamu, ambaye babu zake walitoka pwani. Alikuwa ametuona tunagawana uji wa hospitali. Akasema ana chumba cha uani anachowekea mkaa na madumu, tukae humo mpaka mtoto apone. Hakutaka kodi. Nilikuwa namsaidia kumenya ndizi na kuosha vyombo, kwa sababu alikuwa anapika chakula cha kuuza. Kile ndicho "chumba cha mjini" mlichokisikia. Godoro letu lilikuwa maboksi, na tulilala katikati ya mkaa.

Sasa huku nyuma mambo yakabadilika. Mpango ukaja na utaratibu mpya. Kila kaya ihakikiwe upya, nyumba kwa nyumba, halafu fedha zisigawiwe tena mkononi pale ofisi ya kijiji, zitumwe kwenye simu. Mimi sikuwa na habari. Wahakiki walikuja na vishikwambi vyao, wakafika kwangu, wakakuta kufuli. Wakauliza kwa majirani, huyu mama na mtoto mlemavu wako wapi?

Haya niliyasimuliwa na mtu aliyekuwepo. Shemeji yangu alisogea mbele akasema, amehama huyu, amepanga Bukoba, anafanya biashara ya chakula. Wakauliza na mtoto je? Akasema amekwenda naye, na huko mjini wapo watu wanaowatunza watoto wa namna hiyo. Ndugu zangu, mlikuwa watu wengi pale uani. Wengine mlikuja kutazama vishikwambi. Mlijua Kemilembe ameungua. Baadhi yenu mlinichangia sabuni mkanitumia hospitali, na nawashukuru kwa sabuni. Lakini walipouliza kama yupo mwenye maelezo mengine, mlinyamaza. Mhakiki akabonyeza, akaenda nyumba ya pili.

Niliporudi, mguu umefunga ngozi, mke wa shemeji alinipa ufunguo bila kuniangalia usoni. Nilidhani ana mambo yake ya ndani. Nikaingia kibanjani nikakuta kahawa yangu imechumwa yote, na mbuzi wamefungwa kwenye migomba yangu, wanakula.

Nikamwita shemeji. Nikamuuliza nani amechuma kahawa yangu.

"Kahawa yako ipi?" akasema. "Wewe si mtu wa mjini? Kibanja ni cha ukoo. Rudi huko ulikohamia."

Sikumwelewa mpaka nilipokwenda ofisi ya kijiji kuulizia ruzuku. Mtendaji aliangalia kwenye simu yake akaniambia, mama, mfumo unaonyesha umehama, nenda ukaandikishwe ulikohamia. Nikamwambia sijahamia popote. Akasema kama ni hivyo basi unataka kusema mfumo unadanganya.

"Mfumo hauna miguu," nikamwambia. "Haukuja kwangu wenyewe. Kuna mtu aliuambia."

Akaniambia nina mdomo mchafu, nitoke, kuna watu wenye shida wanasubiri. Nikatoka. Nje kwenye benchi walikuwepo wanne au watano wa kikundi hiki. Mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba wengine tukishaonja mji tunataka kula pande zote mbili. Nakuona, mama. Usiinamishe kichwa, mimi nimekuita mama, sijakuita jina.

Nikambeba Kemilembe mpaka Bukoba. Kule Kashai, ofisi ya mtaa, wakaniambia mimi si mkazi wao, sina kaya kwao, kaya yangu iko Muleba. Nikawaambia Muleba wamesema niko kwenu. Yule kijana wa dirishani akacheka, akasema mama amua unakaa wapi. Nikarudi Ijumbi. Wakanirudisha. Nawaambieni, kupigwa kungekuwa afadhali, maana ukipigwa unajua aliyekupiga. Mimi nilirushwa kutoka meza hadi meza, na kila aliyenirusha alikuwa anasema pole.

Vidonge vikaanza kuisha. Nikaanza kumpa nusu. Mwuguzi yeyote humu atawaambia jambo hilo halifanywi, na mimi nilikuwa nalijua. Nilikuwa namenya ndizi za watu, nabeba mizigo, lakini siku nikimbeba Kemilembe siwezi kubeba kingine, na siku nisipombeba hakuna wa kukaa naye. Kifafa kikarudi.

Siku moja kilimkamata tukiwa kwenye foleni ya ofisi. Nikamlaza pale chini kwa ubavu, nikamshika kichwa. Foleni nzima ikaondoka pale ilipokuwa, ikajipanga upande wa pili wa uwanja. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake akamwambia asikanyage mate yale. Watu wazima, waliokwenda shule, wanaamini kifafa kinarukia mtu kama kiroboto. Kemilembe alipotulia alikuwa amejikojolea. Afisa akachungulia mlangoni, akasema mgonjwa aondolewe, kazi imesimama. Hakuuliza mgonjwa amefuata nini.

Nilianguka hapo, ndugu zangu, na sikuanguka kwa njaa. Niliacha kusalimia watu. Mtu akinisalimia njiani nilimwangalia mpaka anapita. Niliacha kwenda kanisani, kwa sababu wakati wa kutakiana amani nilitakiwa nimpe mkono shemeji yangu. Siku moja nikachukua panga nikaingia kibanjani, nikaanza kuikata mibuni aliyoipanda marehemu mume wangu. Nilisema kama sivuni mimi, havuni mtu. Nilikata kadhaa mpaka mkono ukachoka, nikakaa kwenye magogo yake. Mlikuwa mnapita barabarani. Mlisema nimeshikwa na wazimu. Hakuna aliyeshuka kuuliza.

Nilimbeba mtoto nikarudi kwa yule bibi wa Kashai, kwa sababu ndiye mtu pekee duniani ambaye sikuwa namchukia. Akatupa chai, akamwangalia Kemilembe, akaniuliza vidonge viko wapi. Nikamweleza yote. Hakulia, wala hakunipa pole. Aliniuliza kila mara nilipokwenda ofisini nilikwenda na nani. Nikamwambia na mtoto.

"Mwanangu, mtoto hahesabiwi huko," akasema. "Ukiwa peke yako wanakufukuza kwa neno moja. Kesho tunakwenda wote, na mimi sina haraka, nimeshazeeka."

Tukaenda Muleba, wilayani, kwa afisa ustawi wa jamii. Alikuwa msichana mdogo, mgeni kazini. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Lakini yeye alitoka nyuma ya meza, akachuchumaa mbele ya Kemilembe, akamsalimia Kemilembe kabla ya kunisalimia mimi. Halafu akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema aliyekwenda kutibiwa hajahama, utaratibu mpya unasema hivyo, na hakuna mtu aliyetakiwa kuniondoa kwa sababu ya kufuli. Nikamwambia basi nirudishe.

Akasema hawezi. Aliniambia waziwazi, na hilo ndilo lililofanya nimwamini. "Kijiji ndicho kilichosema umehama. Mimi nitaandika malalamiko yako na nitakuja, lakini ni kijiji kitakachosimama kwenye mkutano na kusema hukuhama. Unaye mtu huko wa kusema hivyo?"

Nikamwambia sina hata mmoja. Siku ile sikuwa namwongopea.

Mkutano uliitishwa. Mlijaa kweli, hata waliokuwa hawaji mikutanoni. Afisa akasoma lalamiko. Shemeji yangu akasimama, akasema yale yale, safari hii kwa upole, na akaongeza kwamba ana uchungu na mtoto wa kaka yake, lakini sheria ni sheria. Watu wakaitikia. Bibi yangu wa Kashai akanyoosha mkono, akasema, "Huyu hakuwa mpangaji kwangu. Alikuwa muuguzaji, amelala na mgonjwa wake kwenye stoo ya mkaa." Kabla hajamaliza, mtu mmoja akauliza huyu ni nani, ana kibanja wapi hapa, Waswahili wa mjini wanakuja kutufundisha habari za ukoo wetu? Mkacheka. Bibi wa watu, ametoka Bukoba kwa nauli yake, mkamcheka. Akakaa. Akafunga ushungi wake vizuri.

Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama kuna mkazi yeyote wa hapa mwenye maelezo mengine. Kimya. Nilikiangalia kile kimya. Nilipita uso kwa uso. Nilikuwa nimembeba Kemilembe, na miguu yake ilikuwa inagusa chini, na nilisema moyoni, nikitoka hapa sitazika mtu wa kijiji hiki wala wasije kunizika.

Ndipo akasimama mke wa shemeji yangu.

Alisimama upande wa wanawake, nyuma kabisa. Mumewe akageuka akamwangalia, na sisi tuliokuwa karibu tunajua lile jicho lilikuwa linasema nini. Akaanza kwa Kihaya, mwenyekiti akamwambia aseme Kiswahili afisa asikie. Akasema:

"Hakuhama, waitu, ndugu zangu. Mimi ndiye nilimtoa mtoto kwenye moto, na mikono yangu hii hapa. Nilifunga nyumba mimi, nikakaa na ufunguo mimi. Godoro lake lilikuwa ndani, vyungu vyake vilikuwa ndani, mbegu za maharage zilikuwa ndani. Walipokuja kuuliza nilikuwa nimesimama pale na ufunguo kwenye kanga, na nilinyamaza kwa sababu ya mume wangu. Sasa nimesema."

Akakaa. Halikuwa jambo la kelele. Ila afisa alimwuliza mwenyekiti kama anahitaji ushahidi mwingine, na mwenyekiti akawageukia nyinyi. Na hapo, ndugu zangu, ndipo mikono ikaanza kuinuka. Mmoja alikumbuka aliniona napanda pikipiki bila mzigo. Mwingine akakumbuka ile sabuni. Kila mtu akapata kumbukumbu siku moja. Sikufurahi. Niliwaangalia mnavyonyoosha mikono nikawa nawachukia zaidi kuliko mlipokuwa kimya, kwa sababu nilijua mlikuwa nayo yote tangu mwanzo.

Nilirudishwa kwenye orodha, ingawa haikuwa mara moja. Ilichukua muda na safari nyingi za yule afisa, na ruzuku ya nyuma iliyopotea sikulipwa. Vidonge tukaanza tena nzima nzima. Kemilembe ana kovu kutoka gotini mpaka kwenye kidole, na kifafa sasa kinakuja kama mgeni anayejua hapendwi. Mbuzi waliondoka kibanjani. Mibuni niliyoikata imechipua pembeni, lakini sijui kama itazaa.

Yule mwanamke mumewe alimtoa nje siku ile ile ya mkutano, na nguo zake zikamfuata uani. Ukoo ulikaa ukasema ni mambo ya mume na mke. Kwao alikozaliwa wakamwambia arudi kwa mumewe akaombe msamaha. Sasa anakaa kwangu. Analala upande mmoja wa Kemilembe, mimi upande wa pili, na nikienda kuvuna yeye anabaki. Nikitaka kuwa mkweli, mwanzoni sikumpenda. Nilimwuliza kwa nini hukusema tangu siku ya kwanza, na akaniambia angesema siku ya kwanza angefukuzwa siku ya kwanza. Nyinyi wengine mlionyamaza hamkuwa na wa kuwafukuza.

Sasa nishukuru, kama nilivyoombwa. Namshukuru bibi wa Kashai, ambaye leo hakuweza kuja kwa sababu ya magoti. Mliomcheka, nauli ya Bukoba mnaijua. Namshukuru yule afisa, aliyemsalimia mwanangu kwanza. Namshukuru mama aliyesimama nyuma ya mkutano. Yuko humu, na mwaka huu mmemchelewesha kumwingiza kwenye kikundi mara mbili mkisema hana makazi ya kudumu. Ana makazi. Anakaa kwangu. Leo muandikeni.

Na fundisho, kwa kuwa ushuhuda unataka fundisho. Mimi sikuja kuwaambia tupendane. Utaratibu umebadilika na utabadilika tena, wanaoubadilisha hawakai Ijumbi na hawatujui. Wanachojua ni kile tunachowaambia mlangoni. Tangu nirudishwe, mimi na huyu mwenzangu tunakwenda na watu ofisini. Tumekwenda na mzee asiyeona. Tumekwenda na mama wa Buganguzi ambaye laini yake ya simu iliandikishwa kwa jina la mkwewe. Hatuna elimu. Tunakaa tu pale kwenye benchi pamoja naye, tunasikia anavyojibiwa, na tumeona anajibiwa tofauti.

Kesho kutwa wahakiki wanakuja tena kitongojini kwetu. Mmeshatangaziwa. Nyumba ya tatu kutoka kwangu ina kufuli. Mwenyewe ni mjane mwenzangu, amelazwa Bukoba, na mnajua amelazwa, kwa sababu Jumapili mlimwombea. Watasimama pale uani watauliza amekwenda wapi. Mimi nitakuwepo. Sitajibu mimi. Nitasimama nimembeba binti yangu, nitawasubiri nyinyi mjibu.

Nimemaliza. Chai inapoa.